Jinsi ya Kufundisha Hesabu kwa Vikundi Vidogo Bila Darasa Kukuvurugikia

Walimu wa madarasa ya mwanzo huniletea kilio kimoja: "Nimegawa vikundi, nimeandaa kazi, lakini nikikaa tu na watoto watano, wale wengine wananimaliza." Siku ya tatu wanarudi ubaoni kufundisha wote kwa pamoja, na wanajiambia kwamba vikundi vidogo ni vya madarasa yenye watoto kumi na wawili.

Nami nilianguka hapo hapo. Nilikuwa na chati ya rangi nne, kengele ndogo na vituo vinne nilivyovipamba mpaka usiku. Hazikupita dakika sita, watoto tisa walikuwa wamepanga foleni nyuma ya kiti changu. Mmoja alitaka penseli ichongwe. Mwingine alikuja kushtaki. Watatu walikuwa wamemaliza na wanauliza wafanye nini. Aliyekuwa nyuma kabisa, nilipomuuliza, alisema hakumbuki alichofuata.

Jambo nililolichelewa kulielewa ni hili: kikundi kidogo hakivunjwi na watoto waliokaa na mwalimu. Kinavunjwa na waliobaki. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na waliobaki, na utapita takriban wiki tatu kabla hujaita kikundi chako cha kwanza. Inauma, najua, hasa muhtasari wa masomo ukiwa unakukimbiza. Lakini mwalimu anayeruka wiki hizo tatu huzilipa mwaka mzima.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

Usianze kabla hivi havijatimia. Vingi vinaokotwa au kutengenezwa.

- Vizibo vya chupa, mbegu kavu au vijiwe: angalau 20 kwa kila watoto wawili.
- Njiti za kuhesabia na mipira ya kufungia, za kutengeneza mafungu ya kumi kumi. Meza yako inahitaji njiti 100 na zaidi.
- Kadi za namba 0 hadi 20, pakiti moja kwa kila watoto wawili. Zikate kwenye makatoni. Karatasi nyepesi haimalizi mwezi.
- Dadu, au vijiwe ulivyoviandika namba.
- Vyumba vya kumi: mstatili uliochorwa vyumba kumi, safu mbili za vyumba vitano vitano. Mtoto aweze kuweka kizibo ndani ya kila chumba.
- Mstari wa namba, mmoja mkubwa ukutani na midogo ya kubandika mezani.
- Vikombe visivyoonyesha ndani.
- Visanduku au mifuko ya kutunzia, kila kimoja na mchezo mmoja uliokamilika.
- Penseli kumi za akiba zilizokwisha kuchongwa, kwenye kopo ambalo mtoto analifikia mwenyewe.
- Saa inayoonekana na wote, na daftari lako la kumbukumbu.

Usilidharau lile kopo la penseli. Nilipohesabu sababu za watoto kunijia mezani, penseli ilizishinda zote.

## Hatua ya 1: Panga chumba

Meza yako ya kikundi iwe pembeni, mgongo wako ukutani, uso wako kwa darasa zima. Watoto wa kikundi ndio wanaolipa darasa mgongo, ili wasivutwe na yanayoendelea nyuma yao. Mahali pa meza ya ziada hapapo? Mkeka sakafuni unatosha, mradi ukiinua macho uone kila mtoto.

Visanduku vya michezo vikae upande wa pili wa chumba, mbali nawe. Ukiviweka karibu na meza yako, kila anayekuja kuchukua kisanduku atakumbuka kwamba ana swali.

Kila kisanduku kipewe namba au picha, na pale kinapokaa pabandikwe alama ileile. Mtoto asiyejua kusoma vizuri bado arudishe kitu mahali pake bila kuuliza.

## Hatua ya 2: Fundisha kazi ya kujitegemea, bila kikundi chochote

Hii ndiyo hatua inayorukwa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Siku ya kwanza chagua mchezo mmoja ambao watoto wanaujua kabisa. Waite wawili mbele waonyeshe: kwenda kuchukua kisanduku, kukaa, kufungua, kucheza kwa zamu, kufunga, kurudisha. Kisha waombe wengine wawili waonyeshe jinsi *isivyofanywa*. Watacheka sana. Waache wacheke, halafu wawili haohao warudie vizuri.

Sasa darasa zima lifanye kwa dakika 3. Wewe simama pembeni na usifanye kitu.

Nasisitiza hapo kwenye kutofanya kitu. Silika ya mwalimu ni kuzunguka, kuinamia, kusifu, kurekebisha kidole kinachohesabu vibaya. Ukizunguka, unawafundisha kwamba kazi hii inaendeshwa na kuwepo kwako, na siku utakapokaa na kikundi watakutafuta. Kunja mikono, angalia saa.

Mtu akivunja utaratibu (amesimama anatangatanga, amelala juu ya meza, amegombania dadu), toa ishara ya kusimamisha darasa zima bila kumtaja wala kumgombeza. Rudisheni vifaa, semeni kilichotokea, anzeni upya. Siku za kwanza unaweza kusimamisha baada ya dakika moja na nusu. Hiyo siyo kushindwa. Hapo ndipo darasa limefika leo.

Ongeza dakika 2 kila siku darasa linapofaulu: 3, 5, 7, mpaka 15. Kwenye karatasi ni siku saba za shule. Kwa uzoefu wangu ni wiki mbili hadi tatu, kwa sababu kuna siku utakazobaki palepale na siku moja au mbili za kurudi nyuma.

Mkifika dakika 9 au 10, nenda ukae kwenye meza yako ya kikundi, tupu, bila mtoto hata mmoja. Andika chochote kwenye daftari. Watoto wazoee kukuona umekaa pale na hupatikani.

### Sheria ya kukwama

Mtoto akikwama, afanye haya kwa mpangilio huu:

1. Ajaribu tena akitumia vifaa.
2. Aangalie mfano uliobandikwa ukutani.
3. Aulize wenzake wawili, kwa sauti ya jirani.
4. Aweke alama ya kuuliza kwenye daftari na aendelee na swali linalofuata.

Hatua ya tano haipo. Kuja kwa mwalimu kunaruhusiwa kwa damu, kutapika, au mtu kuumizwa. Kwenda chooni kusihitaji ruhusa ya maneno: tundika kibao kimoja mlangoni, anayekwenda anakichukua, na kama hakipo anasubiri.

Kisha simamia neno lako. Atakuja mmoja kukujaribu, tena mara nyingi ni yule mpole. Usimjibu, usimkaripie. Mnyooshee kidole chati ya sheria, urudishe macho kwenye kazi yako. Ukijibu swali moja "kwa leo tu", umefungua foleni.

### Akimaliza mapema

Jibu liwe moja kwa mwaka mzima: anachukua kadi za namba na kucheza na aliyemaliza mwingine, au, akiwa peke yake, anazipanga kutoka ndogo hadi kubwa kisha anatafuta jozi zinazotimiza kumi. Usibuni shughuli mpya ya "waliomaliza" kila wiki. Kila jipya linazaa maswali.

Utajua mmefaulu ukikaa mezani dakika 15, siku tatu mfululizo, bila mtoto kukujia, na ukiinua macho unaona mikono inafanya kazi. Kelele ndogo zipo, na ziwepo. Darasa lililonyamaza kimya kwenye michezo ya hesabu kwa kawaida halichezi hesabu.

## Hatua ya 3: Chagua kazi zinazojiendesha

Kipimo changu ni hiki: kazi ya kujitegemea ni ile ambayo mtoto aliifanya jana bila msaada. Mada mpya haina nafasi huko. Tukimpa mtoto ambaye hajaelewa kuazima (kufungua kumi moja katika kutoa, pale mamoja yasipotosha) karatasi ya maswali ishirini ya aina hiyo akafanye peke yake, atakuja na ishirini zenye kosa moja lililokomazwa mara ishirini.

Aina tatu zinatosha: zoezi fupi daftarini (maswali 5 hadi 8, siyo 20), mchezo wa wawili, na kazi ya vifaa. Ya mwisho sina mengi ya kuisema: kujenga namba kwa mafungu na njiti, kupima vitu kwa hatua au viganja, kupanga maumbo.

Michezo ndiyo inayobeba uzito. Kanuni yake ni kubadilisha namba bila kubadilisha sheria za mchezo. Michezo minne inaweza kukutosha mwaka mzima:

Kikombe. Wawili wana vizibo 10. Mmoja anageuka, mwenzake anafunika baadhi kwa kikombe na kuacha vingine wazi. Anayegeuka tena anaona, tuseme, 6, na anasema vilivyofichwa ni vingapi. Kikombe kinainuliwa, jibu linajisahihisha lenyewe, hakuna haja ya mwalimu. Wanaoanza wanatumia vizibo 5, waliokomaa 20.

Kubwa inachukua. Kila mmoja anafunua kadi, mwenye namba kubwa anachukua zote mbili. Baadaye kila mmoja anafunua mbili na kujumlisha. Baadaye zaidi anatafuta tofauti.

Mbio za mia. Rusha dadu mbili, chukua njiti kwa idadi hiyo, ukifikisha kumi funga fungu. Wa kwanza kufikisha mafungu kumi ameshinda. Kinyume chake, kuanza na mia na kutoa mpaka sifuri, ndiyo maandalizi bora ya kuazima ninayoyajua.

Jozi ya kumi. Kadi 0 hadi 10, pakiti mbili, zimelazwa kifudifudi. Funua mbili, zikitimiza kumi ni zako.

Fundisha mchezo mpya mmoja kwa wiki, darasa zima pamoja, mpaka ueleweke. Baada ya hapo tu ndipo uingie kwenye visanduku.

Onyo: mashindano yakizidi, michezo inavunjika. Wakianza kugombania nani kashinda, badilisha lengo: wawili washirikiane kufikisha mia kabla ya muda kuisha.

## Hatua ya 4: Pima mtoto mmoja mmoja, kwa dakika tatu

Darasa likishaweza kujiendesha, usikimbilie kugawa vikundi. Tumia vipindi vya kwanza kuita mtoto mmoja mmoja. Mtihani wa karatasi utakuambia nani kapata na nani kakosa. Hautakuambia *amefanyaje*, na vikundi vinagawanywa kwa hilo la pili.

Mfanyishe haya:

1. Mwage vizibo 14 mezani. "Hesabu." Akimaliza, vifunike: "Vilikuwa vingapi?" Anayetaka kufunua ahesabu upya bado hajashika kwamba neno la mwisho alilotamka ndilo idadi ya vyote.
2. Mwonyeshe vizibo 5, vifunike, ongeza 3 pembeni. "Vyote vingapi?" Sikiliza anapoanzia. Anayeanza "moja, mbili..." na anayeanza "sita, saba, nane" wote watasema nane, lakini hawako mahali pamoja.
3. Mwonyeshe mstatili wa vyumba kumi wenye vizibo 7 kwa sekunde mbili, kisha ufiche. Wengi wetu tunatambua vitu vitatu au vinne kwa jicho bila kuhesabu. Kwa saba, mtoto inabidi aone tano na mbili. Je, anaona?
4. Mwambie aandike: kumi na tano, hamsini na moja, sabini, mia moja na tatu.
5. Kwa wa darasa la pili na la tatu: 52 − 27, kwa njia yoyote anayoipenda.

Swali la nne linahitaji neno la ziada. Kiswahili kinamsaidia mtoto sana kuanzia kumi na moja hadi kumi na tisa, kwa sababu jina lenyewe linataja kumi na kinachobaki. Halafu kinamwacha njiani. Katika "thelathini" hasikii tatu, katika "arobaini" hasikii nne, katika "hamsini" hasikii tano. Sitini, sabini na tisini zina mwangwi wa sita, saba na tisa, lakini sitini na sabini zenyewe zinachanganywa masikioni. Mtoto anaweza kuimba hadi mia bila kukosea na bado asijue kwamba arobaini ni kumi nne. Na akiandika 1003 kwa "mia moja na tatu", hajazembea: ameandika alichosikia, mia moja, kisha tatu.

Dawa yake ni rahisi na tutaitumia mezani: kwa wiki mbili kila namba itajwe kwa majina mawili, "thelathini na sita, makumi matatu na mamoja sita."

Andika ulichoona kwa maneno machache: "anaanza upya toka moja", "anaona 5 na 2", "anageuza 15 na 51". Darasa la watoto 40, dakika 3 kila mmoja, ni saa mbili. Zigawe kwenye wiki moja au mbili.

## Hatua ya 5: Gawa vikundi

Tandaza maandishi yako na uwaweke pamoja wanaohitaji *jambo lilelile linalofuata*. Usiwapange kwa alama. Mtoto mwenye alama ya juu anayegeuza tarakimu anaweza kukaa kikundi kimoja na mwenye alama ya chini anayegeuza tarakimu.

Vikundi vinne, visizidi. Mezani waje wanne hadi sita kwa wakati mmoja. Wakizidi hapo huoni tena mikono yao.

Majina yawe ya maumbo au rangi, na usitumie A, B, C, D mbele yao (kwenye daftari lako sawa). Watoto watajua tu nani yuko wapi, hatujidanganyi. Kinachoponya si jina bali kuhama: mtoto akiona watu wanahama kila baada ya wiki tatu au nne, kikundi kinakuwa kituo cha safari, siyo cheo.

## Hatua ya 6: Ratiba ya wiki

Kwa kipindi cha dakika 60, mgawo unaonifaa ni huu: dakika 12 za pamoja mwanzoni, mzunguko wa kwanza dakika 17, dakika 4 za kubadilishana, mzunguko wa pili dakika 17, dakika 10 za kufunga. Ukiwa na dakika 40 tu, fanya mzunguko mmoja na usijilaumu. Mzunguko mmoja uliotulia unashinda miwili ya kukimbizana.

Mizunguko miwili kwa siku tano ni nafasi kumi. Usizigawe sawa. Tuseme A ndio wanaohitaji zaidi na D ndio wanaokwenda vizuri:

- Jumatatu: A, B
- Jumanne: A, C
- Jumatano: A, D
- Alhamisi: A, B
- Ijumaa: C, na nafasi moja wazi

Ile nafasi wazi usiijaze mapema. Ni ya mtoto aliyekuwa mgonjwa, ya wale watatu waliokwama Jumanne, au ya D ambao wana swali zuri. Wiki nitakayoijaza mapema ndiyo wiki nitakayoihitaji.

Kosa la kawaida hapa ni kuwanyima D kabisa kwa hoja kwamba wanajiweza. Mara moja kwa wiki wape tatizo linalowapasua kichwa. Wasipolipata kwako watalitafuta kwingine darasani, nawe utajua.

## Hatua ya 7: Mezani

Lengo moja kwa kikao. Siyo "kutoa", bali "kufungua fungu moja la kumi pale mamoja yasipotosha." Dakika 2 za kukumbushana, 8 za kazi yenyewe, 3 kila mtoto anafanya lake wewe ukiwa unatazama, 2 za kuandika.

Vifaa viwe tayari mbele yao kabla hawajakaa. Mwalimu anayetafuta njiti kwenye kabati ameshapoteza dakika tatu na utulivu wa chumba kizima.

Nikupe mfano. Mtoto kaandika 52 − 27 = 35. Kosa hili ni la dunia nzima: ametazama 2 na 7, akatoa ndogo kwenye kubwa, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kutoa. Sikumwambia kakosea. Nilimwambia, "Nijengee hamsini na mbili." Akaweka mafungu matano na njiti mbili. "Makumi mangapi?" "Matano." "Sasa nipe njiti saba."

Akanipa mbili. Akatazama meza, akanitazama mimi. Nikanyamaza. Mwenzake pembeni alitaka kusema, nikamwekea kidole mdomoni. Ilipita kama nusu dakika, na nusu dakika ya kimya mezani ni ndefu kweli. Kisha akachukua fungu moja, akaligeuza mkononi, akauvuta mpira. Njiti zikamwagika. Akahesabu tano, akanipa. "Saba," alisema.

"Bado unanidai?" nikamuuliza. "Wewe ndio unanidai makumi mawili." Akayatoa. Yakabaki mafungu mawili na njiti tano. Akaangalia 35 yake kwenye karatasi, akaifuta mwenyewe.

Neno "kuazima" halikutajwa hata mara moja. Litakuja kesho, tutakapochora mafungu kwenye karatasi, na keshokutwa tutakapoandika tarakimu peke yake. Vitu, kisha picha, kisha tarakimu: kila mara kikao kinapokwama, rudi ngazi moja nyuma badala ya kurudia maelezo yaleyale kwa sauti kubwa zaidi.

Maonyo mawili. Usiwafundishe mezani kwa zamu, mmoja anafanya na watano wanatazama. Kila mtoto awe na vifaa vyake na wote wafanye kwa pamoja. Na usijaze kimya. Ukihesabu mpaka tano kimoyomoyo kabla ya kusaidia, nusu ya msaada wako hautahitajika.

Utajua kikao kimefaulu mtoto anapokueleza alivyofanya akiwa ameshika vifaa, hata jibu likiwa limekosewa kwa moja.

Kabla hujaita kikundi cha pili, tumia zile dakika 4 kutembea darasani. Hapo ndipo pa kuzunguka: soma alama za kuuliza kwenye madaftari, jibu mbili tatu, nenda.

## Hatua ya 8: Andika, kisha hamisha

Ukurasa mmoja kwa kikundi, majina wima, tarehe juu. Weka alama ya vema kwa aliyefanya peke yake, nusu mstari kwa aliyefanya kwa msaada, nukta kwa ambaye bado. Ongeza neno moja pale tu panapostahili. Ukianza kuandika aya, utaacha ndani ya wiki mbili. Nimeacha mara tatu.

Vema tatu mfululizo kwa lengo moja, mtoto yuko tayari kuhama. Nukta tatu, lengo lenyewe limemzidi, tafuta linalotangulia. Kila baada ya wiki tatu au nne kaa na kurasa hizi ugawe upya.

Katika dakika 10 za kufunga, usiulize "Mmefurahi?" Uliza mtoto mmoja aonyeshe njia yake, kisha uliza darasa: kazi ya kujitegemea ilikwama wapi leo? Watakuambia kwamba kisanduku cha 4 kina dadu moja. Unarekebisha jioni hiyo hiyo.

## Ukiwa na watoto 80

Hesabu haibadiliki, kwa hiyo tuifanye. Nafasi kumi kwa wiki mara watoto sita ni viti sitini. Chagua 12 wanaohitaji zaidi, vikundi viwili vya sita, uwaone mara tatu kila wiki: nafasi sita zimekwenda. Nne zilizobaki ni viti 24 kwa watoto 68, yaani kila mmoja atakaa nawe karibu mara moja kwa wiki tatu. Ni kidogo, ila ni dakika kumi na tano ambazo kwa mtindo wa ubaoni asingezipata muhula mzima.

Vifaa havitatosha. Nusu ya darasa ifanye zoezi daftarini, nusu icheze, wabadilishane mzunguko wa pili. Kila safu iwe na mtoto mmoja wa kugawa na kukusanya, kwa zamu ya wiki, na mshika vifaa asiwe kila mara yule yule mwerevu. Kipimo cha hatua ya 4 chukua mwezi mzima, na anza na wale ambao moyo wako tayari unakuambia.

## Yanayokwama mara kwa mara

Mtoto mmoja anavuruga wote. Usimwondoe kwenye kazi ya kujitegemea kabisa. Mpe mchezo mmoja tu, mwenza mtulivu, na mahali karibu na macho yako. Mara nyingi kazi aliyopewa inamzidi au inamchosha kwa urahisi. Angalia hilo kwanza.

Wawili, mmoja anafanya yote. Mchezo uwe na sheria kwamba anayesubiri ndiye anayethibitisha jibu kwa vizibo. Mikono minne yote inakuwa na kazi.

Kelele zimepanda polepole. Simamisha, subiri kimya, anzeni upya. Usipaze sauti kutoka mezani. Ukifanya hivyo unakuwa sehemu ya kelele.

Mkuu wa shule ameingia akaona watoto wanacheza. Mtoto yeyote aweze kujibu "Unajifunza nini hapa?" Ifanyieni mazoezi hiyo sentensi wakati wa kufunga. "Natafuta kinachofichwa kwenye kumi" inatosha.

Darasa lilikuwa zuri, baada ya likizo limesahau kila kitu. Anza tena na dakika 5 bila kikundi, siku ya pili 10, siku ya tatu 15, na siku ya nne uite A mezani.